Ukuta wa Udongo wa Kichuguu

Kamati ya kijiji kimoja cha Mandawa iliponipa kazi ya kuchora ghala la korosho na ufuta, nilikuwa sijawahi kusimamia jengo hata moja kwa jina langu. Nimezaliwa Nachingwea, nimesomea ujenzi, na nina mdomo. Niliwaambia kwamba ghala hukaa tupu miezi mingi, na hakuna ajuaye kesho kijiji kitahitaji nini. Kwa hiyo paa lishikwe na nguzo za zege pamoja na lenta, ile boriti inayozunguka jengo juu ya milango. Katikati ya nguzo tuache sehemu nne zijengwe kwa matofali yaliyoshikwa na udongo wa kichuguu badala ya saruji, ili siku moja zifunguliwe bila kubomoa jengo. Waliitikia, nikadhani yameisha.

Kosa langu ni kwamba sikuitisha mkutano wa wanakijiji. Huku kwetu saruji ya jengo la umma ina macho mengi. Fundi mkuu, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za pale, aliuona ule udongo, akauchokonoa kwa kidole na kuwaonyesha watu.

"Huyu binti kaila saruji," akasema.

Maneno hayo yalifika Ruangwa kabla ya basi langu. Nilikasirika. Niliwaonyesha mchoro, nikafungua stoo waione mifuko iliyobaki. Wakasema nimeirudisha baada ya kushtukiwa. Jengo likaisha, lipu ikapigwa, lakini baada ya hapo hakuna aliyenipa kazi. Fundi akishaitwa mwizi wa saruji, hana jina tena. Mama alinishauri nikauze mitumba. Nikakataa.

Masika yaliyofuata upepo uliezua paa la zahanati. Kliniki ya mama na mtoto ikahamishiwa ghalani, penye giza, joto na mlango mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu. Nilikwenda nimenuna.

Nilimkabidhi yule mzee nyundo na patasi, nikamwonyesha sehemu moja ya udongo chini ya lipu. "Fungua mwenyewe, mzee. Anza hapa."

Akagonga. Tofali la kwanza likatoka zima, la pili nalo zima. Kufikia adhuhuri tulikuwa na madirisha mawili na mlango mpana, lenta haina hata ufa, na kwa matofali yaleyale mafundi walikuwa wanajenga ukuta wa chumba cha wajawazito. Upepo ulipita ndani. Akina mama walipiga vigelegele, nami nikapiga kuwashinda wote. Sioni haya kusema kwamba nilijivuna.

Mzee alijifuta vumbi, akaomba watu wanyamaze.

"Mie nilisema mbele yenu kwamba huyu kaiba. Mbele yenu nasema nilikosa. Ule mchoro alinionyesha, ila mie kuusoma sijui."

Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwandalia maneno makali.  Badala yake nilikaa juu ya rundo la matofali nikalia, naye akaja kukaa kando yangu, akaniuliza kama naweza kumfundisha. Nikaukunjua mchoro magotini mwetu, tukaanza na nguzo ya kwanza.