Umenipikia Bahari

Assumpta Geraghty alianza kuoga baharini kwa sababu ya joto. Wengine wana sababu nzuri za kusimulia: huzuni, ushauri wa daktari, au wamemwona Mungu. Yeye alikuwa amefika ule umri ambao mwanamke huwaka mwili mzima katikati ya maongezi, na siku moja ya Januari alitoka kwenye bucha alikokuwa akiuza nyama, aproni bado kiunoni, akashuka gati la mawe la kijiji chetu cha Carrigbawn na kuingia majini na soksi zake. Sisi wachache tuliokuwa tukivaa nguo pale baada ya kuoga tulidhani anajiua. Peadar Scanlon, mpeleka barua wetu wakati ule, alimkimbilia, akamkuta amechuchumaa maji yakiwa shingoni, macho ameyafumba.

"Niache, Peadar," alisema. "Ndiyo kwanza nimepoa tangu Krismasi."

Kesho yake alirudi, safari hii na taulo. Tangu hapo akawa wetu.

Kijijini wanatuita Vichaa wa Asubuhi. Si chama. Hatuna mwenyekiti, na siku tutakapomchagua mwenyekiti mimi nitahamia bwawa la hoteli na wazungumzaji wake. Tuna ukuta wa kuzuia upepo, misumari ya kutundikia nguo, chupa ya chai, na sheria moja tu: hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho atoke majini. Siku hizi huja hata watu wa mjini Sligo, wamevaa majoho marefu yenye kofia. Wanapiga picha, wanalowesha vidole vya miguu, wanaondoka. Assumpta aliwaita maaskofu. "Leo tumejaliwa, maaskofu wawili!" angesema kwa sauti ya kusikika. "Tupige magoti, au tuendelee tu na dhambi zetu?" Mdomo wake haukuwa na breki. Miaka ya kusimama nyuma ya kaunta ilimfundisha kila nyumba inakula nini na nani anajidai anakula nini, na hakuona sababu ya kuyaweka hayo moyoni.

Mumewe, Fonsie, hakuwahi kuingia majini hata siku moja. Nyumba yao iko juu ya kilima, Assumpta hakujua kuendesha gari, kwa hiyo Fonsie alimleta kila asubuhi, akaegesha gari likitazama bahari, akafunga vioo, akawasha kipasha joto na kusikiliza redio ya kwetu ikisoma matangazo ya vifo. Assumpta alipotoka majini hakukaa nasi kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja garini, maji yakimchuruzika, akaingia na kumbandika mumewe viganja viwili vya barafu kwenye kisogo. Ukelele wa Fonsie tuliusikia kupitia vioo vilivyofungwa.

"We mwanamke, utaniua!"

"Bado. Haya niambie, nani kafa leo?"

Naye angemtajia, huku akimfunga koti na kumpakatisha chupa ya mpira ya maji moto aliyokuwa ameiweka tayari chini ya kiti. Mungu hakuwajalia watoto. Nadhani ndoa yao yote ilikuwa mle garini, kwenye dakika zile chache kabla hajawasha injini.

Siku moja nilimchokoza. "Fonsie, hivi huna hata hamu ya kujaribu?"

"Attracta, mimi akili zangu zimetimia," alinijibu. "Kazi yangu ni kumrudishia joto."

Basi ndiyo kazi aliyoifanya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Assumpta hakuwa akilitafuta joto hilo.

Mwaka jana, majani yalipoanza kupukutika, macho ya Assumpta yaligeuka manjano. Ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alikataa dawa za kumwongezea wiki chache za kutapika. Aliendelea kuja, tukimshika mkono mmoja mimi, mwingine Peadar, mpaka asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, alipokaa kwenye ngazi ya gati na kutuambia twende, yeye atatutazama. Tukaingia. Sikuwahi kuyachukia maji kama siku ile.

Wakamshushia kitanda sebuleni, chini, penye dirisha linaloona ghuba nzima. Nilikuwa nikienda kila siku baada ya kuoga, nywele bado mbichi, kwa sababu alipenda kuzinusa. Kufikia Februari alikuwa amebaki ngozi na macho. Ulimi ulikuwa bado mzima.

"Attracta," aliniambia, "nataka bahari."

"Pasaka tutakushusha wenyewe, mimi na Peadar."

"Koma kunidanganya, bibi wee. Pasaka mtakuwa mmeshasahau nilikozikwa. Miguu tu. Nataka ipate baridi mara moja, ile yenyewe. Kila anayeingia humu ananifunika blanketi. Kasisi kaja, kanifunika. Nesi kaja, kanifunika. Fonsie ndiyo usiseme. Nimechoka na joto, jamani. Nitakufa nimeiva."

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia kwenye kitambaa cha vyombo. Nesi alisema tukimtoa nje hatafika getini. Kwa hiyo tukakata shauri kwamba kama Assumpta hawezi kwenda baharini, bahari itapanda kilima.

Tulichagua asubuhi ya bamvua, maji yamejaa mpaka juu ya gati. Peadar aliingia na ndoo nyekundu hadi kifuani ili achote yaliyo safi, na tukaipandisha kwa zamu, tukipokezana na kutukanana kila ilipomwagika. Tulipofika, nesi alikuwa ndani, anamsafisha Assumpta na kumgeuza, kwani usiku uliotangulia ulikuwa umemwia mgumu. Akatuambia tusubiri. Tuliiacha ndoo jikoni tukakaa barazani na shughuli za nesi zikachukua karibu asubuhi nzima. Nilimsikia Fonsie akihangaika jikoni na masufuria. Nilidhani anapika uji.

Nesi alipoondoka tuliingia. Fonsie alileta beseni la yale maji, akaliweka mwenyewe juu ya kitanda, akamkunja mkewe magoti polepole, akaitumbukiza miguu yake. Ilikuwa miembamba, myeupe, na bado ina alama ya kidonda alichokipata kwenye mwamba wetu. Alitulia. Kisha akafumbua macho.

"Nani kayachemsha?"

Nilitia kidole kwenye beseni. Yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto.

"Nimeyaondolea ubaridi kidogo tu," Fonsie alisema. "Kidogo tu, mpenzi. Nisingeweza kukuwekea vile. Yalikuwa yanakata."

"Umenipikia bahari, Fonsie," alisema Assumpta. Akaugeuzia uso wake ukutani na kulia.

Sikuwahi kumwona akilia. Si siku daktari alipomwambia, wala siku ya ngazi. Na sitasahau sura ya Fonsie, kashika taulo, mzee wa watu, haelewi amekosa nini na anajua kwamba amekosa. Nilimwonea hasira. Papo hapo nikaionea aibu ile hasira, kwa sababu niliyaona macho yake.

Akaweka taulo chini. Akalichukua beseni, akalimwaga, akarudi na ndoo tupu mkononi.

"Fonsie, maji yamekupwa," Peadar alimwambia. "Angalia nje. Yako mwisho wa dunia. Subiri yajae jioni, nitakwenda mimi."

"Hana jioni."

"Basi nipe hiyo ndoo, miguu yako mibovu."

"Iache, Peadar. Ndoo ni yangu na mke ni wangu."

Tulimsikia akiwasha gari, halafu tukamwona pale chini anashuka kwenye mchanga kwa miguu. Bamvua ikitoka kwetu hutoka kwelikweli. Ghuba yote inakuwa tope na mchanga, na bahari ni mstari mweupe kwa mbali. Alikuwa na viatu vyake vya kanisani, kwa sababu wiki ile nzima alivaa vizuri akiwatarajia wageni.

"Yuko wapi?" Assumpta aliuliza. Hakuweza kuinua kichwa.

"Yuko mchangani. Anatembea."

"Atachota kwenye dimbwi. Namjua."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Kuna dimbwi kubwa katikati ambako watoto hushika kaa, na mzee mwenye magoti kama yake angekuwa na haki ya kuishia pale. Alilifikia. Akasimama.

"Kasimama kwenye dimbwi," nilisema. "Hapana, kalipita."

"Muongo."

"Kalipita, Assumpta. Anakwenda kwenye maji yenyewe. Kafika. Anaingia."

"Mpaka wapi?"

"Magotini."

"Muongo wewe."

"Mapajani sasa. Anatafuta yasiyo na mchanga. Kasimama tu, Assumpta. Kasimama tu mle ndani."

Akatoa sauti ndogo kooni, nami nikajua ni kicheko. "Kavua viatu?"

"Hajavua."

"Mjinga wangu," alisema.

Hakusema tena. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na ndoo ilimlemea Fonsie. Aliiweka chini, akapumzika, akaiinua, akaiweka tena. Peadar alikimbia kumpokea, akarudi nyuma yake mikono mitupu, kwani Fonsie hakumpa. Mimi nilibaki nikimsimulia Assumpta kila hatua, hata nilipoona kupumua kwake kumebadilika na kuwa kule kwa kukatikakatika, kwa kukwaruza, ambako sisi tuliokesha na wazazi wetu tunakujua. Nilimwomba amsubiri. Nilimwomba kwa sauti, kama mwehu.

Fonsie aliingia amelowa mpaka kiunoni, midomo ya bluu, ndoo imebaki nusu. Tukamimina kwenye beseni, tukaitia miguu. Hakuna kitu. Hata kidole hakikutikisika. Niliyagusa yale maji na yaliniuma mpaka kwenye mfupa, yenyewe kabisa, na miguu ile ililala mle kama ya mtu mwingine.

"Tumechelewa," Peadar alinong'ona.

Fonsie hakumsikia, au alijitia hamsikii. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaichovya mikono yake miwili ndani ya beseni, akaiacha humo mpaka ikawa myekundu. Kisha akaipitisha chini ya shingo ya mkewe na kumshika kisogo.

Assumpta akavuta pumzi. Si ile ya kukwaruza. Ilikuwa ile yetu, ya ghafla, ya kwa nguvu, inayomtoka mtu maji yanapomfika tumboni kwa mara ya kwanza, na ambayo huwezi kuiigiza. Nimeisikia kutoka kwake asubuhi za miaka yangu yote ya uzeeni. Aliishikilia hiyo pumzi, kama tunavyofanya. Sisi tukasubiri aitoe, na ilipotoka ilitoka taratibu sana, na nyingine haikuja.

Peadar alifungua dirisha roho ipite, kama ilivyo desturi. Mimi nilisimamisha saa ya ukutani ibaki kwenye dakika ile.

Tulimkeshea usiku ule sebuleni, nyumba imejaa watu na sandwichi. Kulipopambazuka nilishuka kuoga kwa sababu sikujua la kufanya na mwili wangu. Peadar alikuwa amefika kabla yangu. Maji yalikuwa yamejaa. Tulikuwa tukivaa nguo, gari la Fonsie liliposhuka na kuegeshwa palepale, likitazama bahari. Safari hii kioo kilikuwa wazi, na tuliisikia redio. Ilitaja wawili wengine kwanza. Halafu ikasema Assumpta Geraghty, wa Carrigbawn, nyumbani kwake, kwa amani, mumewe Alphonsus akiwa kando yake. Fonsie akaizima.

Akateremka, na ile ndoo mkononi. Viatu ni vilevile, vimekakamaa kwa chumvi. Alitupita, akashuka ngazi za gati mpaka maji yakamfika magotini, akamimina yale maji ya jana yaliyokuwa ndani ya ndoo.

"Nilishindwa kuyamwaga kwenye sinki," alisema.

"Ungeyamwagaje," Peadar alisema.

Akabaki amesimama, mgongo ametupa sisi.

"Ndivyo yalivyo kila siku?"

"Kiangazi yana nafuu kidogo," Peadar alimjibu.

"Na yeye alikuwa anacheka. Nilikuwa namwona kupitia kioo cha gari, anacheka."

"Alikuwa anacheka, Fonsie," nilisema.

Alitia mkono mmoja majini, akauinua, akajishika kisogo kwa nyuma. Mabega yake yalishtuka.

"Miaka yote ile nilidhani anakuja garini kufuata joto," alisema. "Kumbe alikuwa ananiletea bahari."

Hakutoka. Peadar aliweka chini mfuko wake, nami nikauweka wangu, tukaketi ukutani na chai yetu, kwa sababu mtu alikuwa bado yumo majini.