Nilivyomfuata Mwizi wa Programu hadi Mikumi

Mimi, mtunza masjala mstaafu wa Kilosa, nilifunga safari hadi Mikumi kumshtaki Rehema mbele ya wakulima wenzake. Alikuwa ameforki programu yetu ya zamu za maji, yaani amechukua nakala na kuiendeleza kivyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Faili halitoki makao makuu bila idhini!"

"Hii haina makao makuu, mzee. Hupita kompyuta kwa kompyuta."

Akaifungua. Nilipigwa na bumbuazi: kila badiliko tangu mwanzo lilikuwamo, pamoja na jina la aliyelifanya. Masjala yangu haikupata kufikia utimilifu ule.

Nikajikaza. "Nani alikupa?"

"Kompyuta yako, mzee. Uliiruhusu mwenyewe ulipoiwekea programu hii, nayo inaigawia wilaya nzima."

"Kumbe mtuhumiwa kajileta!" mama mmoja akapaza sauti.