Mlango wa Jiko la Mama

Wiki ile daktari mkuu wa biro yetu, yaani ofisi ya afya, aliponipa kazi ya kukadiria ni watu wangapi katika mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wanaougua kwa sababu ya hewa chafu, mama yangu alikuwa anakohoa kwa miezi kadhaa. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi ndiye mshika takwimu za magonjwa, na kikohozi cha mama nilikuwa nikikiita uzee.

Moshi na vumbi vina chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Pua haizizuii, zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tulikuwa na makisio ya setilaiti, yanayopima hewa kutoka juu, na kifaa kimoja cha kushika mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua makisio ya kila eneo, kuyalinganisha na idadi ya watu, halafu kusema hatari ni kiasi gani. Kwenye ramani, Bunia ilikuwa na rangi nzito kidogo, na Mongbwalu vilevile. Fataki ilikuwa nyeupe, kana kwamba huko watu wanavuta hewa safi tupu. Hapo wasiwasi ukaniingia. Nilizaliwa Fataki, nayajua majiko yake.

Ijumaa nikaomba kile kifaa, nikaenda nacho nyumbani, mtaa wa Ngezi hapa Bunia.

Mama alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Ilikuwa mchana, lakini alikuwa amefunga komeo kwa ndani. Nilibisha, nikasema ni mimi. Akachungulia kwanza kwenye tundu. Nilipoingia macho yakaniwasha. Nikaweka kifaa juu ya mfuko wa makala, makaa ya kupikia. Namba zikapanda, zikazidi kupanda. Nikadhani kimeharibika, nikakitoa uani: zikashuka. Nikakirudisha ndani: zikaruka tena.

«Mama, hii moshi iko mubaya sana. Tufungue mulango.»

«Hapana.»

«Mama, iko inakuua.»

Akaweka mwiko chini. «Weye ulikuwa ku masomo huku Bunia. Siye tulikuwa kule Fataki. Ile siku wenye silaha waliingia, nilikuwa napika, mulango ilikuwa wazi nyuma yangu. Hata miguu yao sikusikia. Toka ile siku, nikipika mulango ikiwa wazi, moyo inakimbia. Sasa unataka nifanye je?»

Nilijua kwamba walikimbilia Bunia. Nilijua kwamba baba hakufika. Habari ya mlango hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza.

Siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Nilikuwa nawaza: ni akina mama wangapi kutoka Djugu, upande wetu wa Fataki, wanapika hivyo, komeo ndani, watoto mgongoni? Jumatatu asubuhi nikaingia kwa daktari.

«Dokta, shifre yetu, hizi namba, haiko ya kweli. Setilaiti inaona hewa ya inje. Na tangu vita, watu wanajifungia na moshi.»

«Umepima jiko ngapi?»

«Moja. Ya mama yangu.»

Akavua miwani. «Jiko moja haitoshi mu raporo, mutoto yangu. Lakini andika kwamba makisio yetu iko chini ya ukweli, na useme ni juu ya sababu gani. Kisha enda upime zingine.»

Niliandika hivyo. Raporo, yaani ripoti yetu, ikaondoka, nami nikabaki na hofu ya mtu aliyetuma namba asiyoiamini.

Nyumbani sikusema tena habari ya kufungua. Nilimwita fundi akakata tundu kwenye mabati ya juu, chini kidogo ya paa, moshi upate pa kutokea, akaweka wavu. Halafu nikahamisha babula, lile jiko la makala, hadi upande wa pili, ili mama akae akitazama mlango badala ya kuupa mgongo. Siku ya kwanza aliufungua upana wa kiganja. Alitazama mlango kuliko sufuria, na sombe ikaungua. Tulikula hivyohivyo. Mwisho wa mwezi alikuwa anaufungua nusu.

Hospitalini walituambia kwamba mapafu yake yamekwisha kuumia, na kilichoharibika hakitarudi. Anakohoa kidogo kuliko zamani. Kila asubuhi bado nasimama koridoni kumsikiliza kabla ya kwenda kazini.

Nilipoanza kupima majiko ya majirani, wanawake wengine waliokimbia kama yeye walikataa kunifungulia. Mama akasema atanisindikiza. Kwa wa kwanza hakutaja ugonjwa wala mapafu. Alikaa chini karibu na yule mwanamke, akamuuliza anatoka kijiji gani, wakaongea kwa lugha yetu hadi maji yakachemka. Kisha akamwambia, «Tugeuze babula kwanza. Utakuwa unaona kila mutu mwenye kuja.»

Waliigeuza wawili, kwa vitambaa mikononi. Mwanamke yule akafungua mlango mwenyewe, akarudi haraka kukaa. Nikatazama kifaa. Namba zilishuka, ila hazikufika pale nilipotaka. Nikaziandika.