Pumzi Moja kwa Kila Koma

Mwalimu Warigia alifundisha Kiingereza kwa mapafu. Wengine walifundisha kwa kitabu, wengine kwa fimbo, na kulikuwa na bwana mmoja upande wa Skuta aliyefundisha kwa kulala juu ya meza na kuliacha darasa lijifunze lenyewe. Lakini Warigia, katika shule moja ya msingi pale Gatitu, aliamini kwamba Kiingereza chote kinakaa kifuani. Ukiishiwa na pumzi kidogo, weka koma. Ukiishiwa kabisa, weka nukta. Ukishtuka, pumzi inaingia kwa kishindo, na hapo panataka alama ya mshangao. Alama ya kuuliza hakuieleza sana. Alisema tu kwamba sauti ikianza kupanda mlima, iweke kabla haijafika juu.

Mafundisho haya alikuwa ameyatoa kwao Kianyaga, kwa bibi mmoja Mskoti wa misheni, mwanamke mwema mwenye viatu vizito, aliyekuja milimani na kifua kibovu. Hewa ya huku juu ni nyembamba na yule bibi hakuizoea hata siku moja. Alisoma Biblia akihema. Maneno matatu, pumzi. Maneno mawili, pumzi. Wasichana wa darasa lake, wakidhani kuhema ndiko Kiingereza chenyewe, wakahema naye. Kisha wakamaliza shule wakawa walimu, makarani na wake za machifu, wakazisambaza koma wilaya nzima kama mbolea ya serikali. Ukikuta kumbukumbu za mkutano wa chama cha kahawa zina koma baada ya kila neno, usimlaumu katibu. Nyuma yake kuna mgonjwa.

Na msomi asicheke haraka. Kiswahili chenyewe, lugha ya watu wasiojua baridi, kinaiita koma kipumuo. Warigia hakuwa mwendawazimu. Alikuwa tu mtu aliyefundishwa jambo moja vizuri mno.

Tatizo la mbinu yake lilikuwa milima. Watoto wa bondeni walikuja shuleni mbio, wakipanda ile njia ya mawe, na walipofika darasani bado walikuwa wanatweta. Wakaandika: *The, cow, is, eating, grass.* Watoto waliokaa ng'ambo ya barabara, ambao waliamka kengele ikilia, walijaza ukurasa mzima bila kukohoa wala kuweka koma. Warigia alisahihisha vitabu hivyo miaka nenda miaka rudi, na akahitimisha kwamba watoto wa bondeni wamebarikiwa akili ya Kiingereza, na wa ng'ambo ya barabara ni wavivu.

Angeendelea hivyo hadi kuzeeka kama isingekuwa serikali. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na walimu waliosomea ualimu walikuwa wameanza kutoka vyuoni kwa wingi, wamevaa suruali zenye mikunjo mikali. Warigia hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa na uzoefu, na uzoefu haupigiwi muhuri. Lakini mwaka huo kukaja nafasi: mkaguzi angepita, akae nyuma ya darasa, asikilize somo. Akiridhika, mwalimu anapewa daraja la P3, na kazi inakuwa yake mpaka uzeeni. Asiporidhika, Januari anakuja kijana wa chuo.

Kijana mwenyewe alikuwa ameshakuja. Alipita Jumapili moja, akatazama nyumba ya mwalimu kwa nje, akagonga ukuta kwa vidole, akauliza, "Na hii sukuma wiki, itabaki ama utang'oa?"

Warigia akamwambia, "Itabaki. Na mimi nitabaki nayo."

Usingizi ukawa adimu tangu siku hiyo. Kazi ilikuwa ndiyo nyumba, ndiyo shamba dogo, ndiyo heshima ya kuitwa Mwalimu sokoni na kuchaguliwa viazi vizuri.

Siku ya mkaguzi ikafika. Sasa, desturi ya huku inajulikana: mgeni mkubwa akija shuleni, watoto hawafundishwi, wanaosha. Mwalimu mkuu, Bwana Mutahi, alikuwa mwanamume mfupi aliyeamini kwamba elimu inaanza na sakafu safi. Asubuhi mapema akapiga filimbi, akawateremsha darasa la saba wote hadi mtoni kuteka maji, wakayapandisha kwa madebe vichwani, wakamwaga, wakateremshwa tena. Mmoja tu aliachwa: Nurto, binti ya Olow, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Gatitu kutoka Nanyuki. Alikuwa ameumia kidole cha mguu, akaambiwa afagie ofisi.

Warigia alipoona watoto wanateremshwa mara ya tatu, akamfuata mkuu.

"Mwalimu, hao ni darasa yangu. Somo yangu ndio ya kwanza."

"Mkaguzi anakuja saa nne. Watakuwa wamekauka."

"Si kukauka. Ni kuhema."

"Kuhema?" Mutahi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Ati kuhema kunadhuru nini? Wacha waheme. Mkaguzi ataona wako na bidii."

Landrova ya serikali iliingia kabla ya wakati. Akashuka Bwana Theuri, mkaguzi, mrefu, amefunga tai na juu yake amefunga skafu. Akasema ataanza na Kiingereza cha darasa la saba, mara moja, kwa sababu barabara ya kwenda Othaya ina matope na hataki kulala huko.

Basi watoto wakaingizwa darasani moja kwa moja kutoka mlimani, vichwa vimelowa, midomo wazi, moshi wa baridi ukitoka puani kama ng'ombe wa maziwa. Nurto akaja na ufagio wake akakaa nyuma. Warigia akaandika ubaoni sentensi isiyo na alama hata moja:

*My brother who works in Nanyuki bought sugar salt tea leaves and soap but he forgot the matches*

"Someni," akasema. "Penye pumzi inakatika, tunaweka koma."

Darasa likasoma. Jamani. *My, brother, who, works, in, Nan, yuki, bought.* Jina la mji lilipasuliwa katikati. Warigia, kwa uaminifu, aliweka koma kila walipohema, na ubao ukajaa vijimkia kama dirisha la duka la nyama lenye nzi.

Bwana Theuri akasimama nyuma. "Samahani, Mwalimu. Hii ni somo ya Kiingereza ama ni kliniki ya kifua?"

Watoto wangecheka, lakini hawakuwa na pumzi.

Warigia akahisi sukuma wiki yake inang'olewa mzizi kwa mzizi. Akamtafuta mtu yeyote aliyetulia. "Nurto! Soma wewe."

Nurto akasimama. Akasoma sentensi yote, mwanzo hadi mwisho, kwa pumzi moja, bila koma hata ya dawa, akakaa.

"Na huyu?" mkaguzi akauliza. "Huyu yake ni koma ngapi?"

"Nurto," Warigia akasema, "mbona hukupumua?"

"Pumzi bado iko, mwalimu."

"Kwa hivyo hakuna koma?"

Nurto akamtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na alikuwa amevumilia somo hili kwa muda mrefu. "Mwalimu, sisi kwa madrasa tunasoma kwa pumzi ndefu. Lakini hatusimami mahali pumzi imeisha. Tunasimama mahali iko na alama. Kuna mahali ukisimama unaharibu maneno, hata kama unakufa."

"Hata kama unakufa?" akauliza Monicah wa mbele, msichana wa bondeni, bado anatweta.

"Unajipanga mapema. Unavuta pumzi mahali unaruhusiwa."

"Na ukishindwa?"

"Ustadh anakurudisha mwanzo."

Warigia akazigeukia zile koma ubaoni. Miaka yote alikuwa amefundisha kwamba pumzi ndiyo inayoweka alama. Huyu mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe anasema alama ndiyo inayoruhusu pumzi. Na maneno hayo, akiyageuza kichwani, yalikaa sawa kuliko yake. Alijiona kama mtu aliyevaa fulana kinyume maisha yake yote na kuwaambia wengine mshono unatakiwa uonekane.

Angeweza kukaa alie. Badala yake alichukua kitambaa, akafuta zile koma zote, akabakiza maneno.

"Fungeni midomo," akasema. "Hakuna mtu anapumua hapa bila sababu. Huyu brother alinunua nini?"

"Sukari, chumvi, majani na sabuni!"

"Zimechanganywa kwa karatasi moja?"

"Hapana, mwalimu! Chai itakuwa na povu!"

"Basi tenganisheni." Akaweka koma baada ya *sugar*, na baada ya *salt*. "Na *but he forgot the matches*?"

Monicah akainua mkono. "Hapo ni maneno mapya. Iko na mtu yake na kazi yake. Inaweza kusimama peke yake."

"Basi kabla ya *but*, koma. Na *who works in Nanyuki*?"

Hapo darasa likagawanyika. Wengine wakasema koma huku na huku, wengine wakasema hakuna. Makelele yakapanda. Warigia mwenyewe hakuwa na hakika. Akatafuta sababu kama walivyotafuta wao, na ikamjia kutoka nyumbani kwao Kianyaga, mezani, wakati mama yake akiwagawia ndugu zake ugali.

"Ulizeni. Mimi niko na brothers wangapi?"

"Wanne!" Gatitu nzima iliwajua, kwa sababu walikuja kila Krismasi kula.

"Nikisema tu *my brother*, mtajua ni yupi?"

"Hatujui!"

"Basi *who works in Nanyuki* ndio inamtoa kwa wale wengine. Ukiitenga kwa koma, ni kama unasema unaweza kuitupa. Ukiitupa, amepotea. Kwa hivyo hapo hakuna koma."

Mkaguzi, ambaye kwa wakati huu alikuwa amesogea hadi katikati ya darasa bila kujua, akasema, "Lakini mimi niko na brother mmoja tu."

"Basi yako, Bwana Mkaguzi, iko na koma mbili," Monicah akamjibu. "Hata ukitupa Nanyuki, bado tunamjua."

Darasa likacheka, na mara hii pumzi ilitosha. Bwana Theuri akacheka pia, akashika tai yake, akakumbuka cheo chake, akaacha.

Nje, kwenye varanda, alifungua kalamu. "Mwalimu, lile somo la kwanza na lile la pili, ni kama ya watu wawili. Nieleze."

Warigia akafungua mdomo aseme ukweli. Lakini Mutahi, ambaye alikuwa amesikiliza dirishani, akaruka mbele.

"Ni mbinu yake, Bwana! Huwa anawakimbiza kwanza mtoni, ndio waheme, ndio waone koma mbaya kwa macho yao, halafu anafuta. Wakiona ule uchafu hawarudii tena. Hata maji, mimi ndio nilipanga, kwa maombi yake."

Mkaguzi akamgeukia Warigia. "Ni kweli?"

Mkuu alikuwa amekwisha sema, na mbele ya mgeni. Kijana wa chuo alikuwa Nyeri mjini, anahesabu vyumba vya nyumba yake. Warigia akatazama sukuma wiki, kule nyuma ya nyumba, kijani kabisa.

"Mwalimu mkuu ameeleza," akasema.

"Ajabu," mkaguzi akasema, akiandika. "Ajabu kabisa. Hii lazima walimu wote waione. P3 nitaipendekeza, na nitatia sahihi siku utakapowaonyesha."

Ndivyo semina ilivyofanyika, Jumamosi, katika uwanja wa shule moja mjini. Walikuja walimu wa tarafa nzima, wa fimbo na wa kitabu, pamoja na yule bwana wa Skuta, aliyekuwa macho. Usiku wa kuamkia semina Warigia alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ambayo angeyasema: wacheni kukimbia, fundisheni tu sababu ya kila alama, nilifundishwa haya na msichana wa madrasa. Alikuwa ameyapanga vizuri, kila koma mahali pake.

Lakini Bwana Theuri alikuwa amesimama kando yake na karatasi ya sahihi kwenye ubao mdogo, akitabasamu, na filimbi alikuwa amemkabidhi Warigia. Mbele yao walimu walikuwa wamepanga mstari, wamevua makoti, wanatazama mteremko unaoshuka hadi mtoni na kupanda tena.

Mmoja akainua mkono. Alikuwa yule kijana wa chuo, suruali bado ina mikunjo.

"Mwalimu Warigia, samahani. Kwani hatuwezi kuacha hii ya kukimbia, tufundishe tu ile sehemu ya pili?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa katika kazi hiyo. Warigia akaitazama ile karatasi. Akaitazama ile suruali.

"Kimbia, mwalimu," akasema, akapuliza filimbi.