Yule Bawabu Asiyejibu Salamu

Cheka kama unataka kucheka, lakini mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ni kupima, si kubuni. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, saa nne asubuhi, jua linawaka, katikati ya Nairobi. Nani alikudanganya kwamba wafu hutembea usiku tu?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka moja hapa Isiolo, na nilitaka kwenda Nairobi kununua vifungo na vitambaa vya sare za shule. Sikuwa nimewahi kufika huko. Rafiki yangu Galgalo, kijana Mborana wa mtaa wa Bulapesa, akajifanya mwalimu wangu.

"Usitembee ukiangalia gorofa, watajua wewe ni mshamba," alisema. "Simama kwanza, shika mfuko, ndio uangalie. Chai kunywa River Road. Na lazima upande lifti. Ikianza kwenda juu fungua mdomo, masikio isizibe."

Halafu akapunguza sauti. Kaka yake Diba alikwenda Nairobi kufanya kazi ya ubawabu, na barua zake zilikuwa zimekatika miaka tisa. Wazee walitaka dua isomwe, mambo yaishe. Mama yao akakataa katakata. Mtoto wake hatazikwa kwa uvumi, alisema, na kila jioni alijaza kikombe cha Diba maziwa akakifunika. "Ukiona mtu mrefu, ana kovu hapa juu ya jicho," Galgalo akaniambia, "mwambie mama bado anangoja."

Basi nikaenda. Nilishuka kwenye basi asubuhi, nikanunua vitu vyangu, na siku nzima ikabaki yangu. Nilikuwa nimesimama, mkono mfukoni, nikihesabu madirisha ya gorofa moja, niliposikia mtu nyuma yangu akisema kwa Kiborana, "Nagaa?"

Mimi ni Mmeru, lakini nani amekulia Isiolo asijue hiyo? Nagaa ni amani. Unaulizwa amani, unajibu amani. Nikageuka nikajibu, "Nagaa!" Alikuwa mwanamume mrefu, koti la kaki la bawabu, kifungo cha pili hakipo. Juu ya jicho lake la kushoto kulikuwa na kovu.

Niamini, nilikaribia kuruka kwa furaha. Nikamuuliza, "Diba? Wewe, nagaa?" Akanyoosha kidole, akanionyesha saa kubwa ukutani.

Alinitembeza vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipeleka kwenye chai, ingawa yeye hakunywa. Aliuliza habari za mama, za ng'ombe, za mvua, nami nikajibu salama, salama, salama, ingawa ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa ukame. Salamu ndivyo zilivyo. Akauliza kama Galgalo bado analia akitumwa kuchunga mbuzi. Galgalo, mwenye ndevu! Nikacheka nikidhani ni utani. Nikamuuliza tena, "Na wewe, nagaa?" Akanionyesha bustani.

Tulipoingia kwenye lifti akaniambia, "Fungua mdomo, masikio isizibe." Hapo nikagundua kitu kilichonichekesha hadi machozi: kumbe Galgalo hajawahi kufika Nairobi! Ujuzi wake wote ulitoka kwenye barua za kaka yake.

Alasiri tulifika kwenye barabara pana, na basi langu lilikuwa ng'ambo. Nikamwambia twende, mama anakungoja. "Mimi mwisho yangu ni hapa," akasema. "Salimia mama." Nikavuka peke yangu. Nilipogeuka kumpungia mkono alikuwa bado amesimama ukingoni, akiangalia magari.

Nilirudi Isiolo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sikupita hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Bulapesa, nikapaza sauti mlangoni, nikimwita mama yao kwa Kiborana, "Aayo, nimemwona Diba! Yuko hai! Anakusalimia!" Majirani wakapiga vigelegele. Galgalo akanikumbatia. Mama peke yake hakuinuka.

"Umetoka Kenya?" akaniuliza. Watu wetu waliita hivyo kila mahali kusini mwa kizuizi cha polisi kilichokuwa barabarani hapa Isiolo.

"Ndiyo, Aayo."

"Wewe iliuliza yeye nagaa?"

"Niliuliza. Mara nyingi."

"Akasema nini?"

Nikafungua mdomo. Saa ya ukutani, bustani, gorofa. Nilipekua siku nzima kichwani mwangu na sikupata jibu hata moja. Mama akavuta shuka akajifunika kichwa.

"Mtu hai nasema nagaa hata nyumba yake ikiungua," akasema. "Mtoto yangu alikataa kukudanganya."

Galgalo alinitukana siku hiyo, na simlaumu. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, safari yake ya kwanza, hadi kwenye ile barabara niliyomweleza. Muuza chai wa pale alimkumbuka bawabu mrefu mwenye kovu. Aligongwa na lori akivuka kwenda kutuma barua, miaka tisa iliyopita, akazikwa na watu wasiojua kwao.

Dua ikasomwa. Jioni ile mama alikamua mbuzi wake, akajaza kikombe cha Diba, na badala ya kukifunika akanipa mimi. "Kunywa," akasema. "Wewe ndiye ulimleta." Nilikunywa chote. Nililia pia, na sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo simpimi mteja kabla sijamsalimia na kungoja jibu. Wengine husema fundi huyu ana maringo. Waseme. Mtu akikaa kimya, utepe wangu wa kupimia unabaki shingoni.

Nawe uliyenisikiliza, usiwe na haraka kama mimi. Ukimsalimu mtu, ngoja ajibu. Na ukisalimiwa, tafadhali jibu, tujue uko nasi.