Spika Nne za Nyumba ya Oli

Mume wangu alikuwa fundi wa redio. Kazi hiyo alijifunza jeshini, na mwaka 1979, serikali ya Uganda ilipoanguka, alirudi nyumbani Koboko bila sare, akiwa na bisibisi zake na redio kubwa ya kaseti iliyoharibika. Siku aliyoitengeneza ikapona, alimpakata binti yetu, mtoto wetu wa pekee, akamwambia aseme lolote ili ajaribu kama inarekodi. Binti alikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Alisema mengi.

Haukupita muda vita vikatufikia. Tulikimbilia Sudan kwa miguu. Njiani bomu lilipasuka karibu na mume wangu. Mwili wake haukupata hata mchubuko, ila sikio la kushoto lilikufa palepale, na la kulia likabaki linavuma. Redio tuliiacha. Kaseti nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Tukiwa kambini surua ilipita, ikamchukua binti yetu. Tulimzika huko, mahali ambapo hata nikirudishwa leo sidhani kama ningepatambua.

Walikuwapo watu kambini waliokuwa na redio za kaseti. Kati yetu wawili hakuna aliyekwenda kuazima.

Tuliporudi Uganda hatukuweza kuishi tena Koboko. Tulipanga vyumba viwili Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Mimi nilifundisha shule ya msingi, yeye akaweka meza ya kutengeneza redio barabarani. Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Hawakujua kwamba nusu ya waliyomwambia hakuyasikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini alipoanza kukusanya vifaa nyumbani. Amplifaya yenye redio na sehemu ya kaseti ilitoka Zaire, mfuniko wake umepasuka. Masanduku ya spika aliyaunda mwenyewe kwa plaiwudi, manne. Nilimuuliza nyumba ndogo kama yetu spika nne za nini.

"Sauti ikitoka upande moja, mimi napoteza," alinijibu. "Ikinizunguka, sikio hii nimebaki nayo itapata kidogo kila mahali."

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alizipanga. Aliweka kiti chake katikati ya sebule, spika mbili mbele, mbili nyuma. Akafunga kamba kwenye kiti, akaivuta mpaka kwa kila spika, ili zote ziwe mbali sawa na mahali pa kukaa. Kisha akagusisha nyaya za kila spika kwenye betri ya tochi na kutazama kama karatasi yake inayotoa sauti inaruka nje. Moja ilizama ndani. Akazigeuza nyaya zake. "Hii ilikuwa napingana na wenzake," alisema.

Halafu akaipeleka redio mahali pasipo na stesheni, ikabaki kuvuma kama mvua juu ya bati, nami nikakaa kitini kuwa masikio yake.

"Wapi iko na nguvu?"

"Nyuma, kulia."

Akapunguza. "Sasa?"

"Mbele kushoto iko chini."

Tuliendelea hivyo mpaka sikuweza tena kusema mvumo unatoka wapi. Ulikuwa umejaa chumba kizima. Nilipomwambia, alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Koboko. Kisha akasema bila kuniangalia, "Lete kaseti."

Sikuuliza ipi.

Alikaa kitini, nikabonyeza. Mara mtoto wangu akawa ndani ya nyumba, kila upande. Alikuwa anaeleza jinsi kuku wa jirani alivyoingia jikoni akapanda juu ya sufuria ya maharage, na kila neno lilipita kwenye lile pengo la meno. Akakatiza habari yake: "Baba, wewe iko nasikia?" Sauti nzito ya mume wangu, ya ujana wake, ikamjibu: "Nasikia, mama. Sema."

Nilimtazama. Alikuwa ameinama mbele, anasubiri.

"Imeanza?" aliniuliza.

"Imeanza."

"Mimi nasikia mimi tu."

Aliinuka akaongeza sauti nyembamba mpaka mwisho, akaongeza na ukubwa wake, vioo vya dirisha vikatetemeka. Jirani alifika mlangoni, akatutazama, akarudi kwake. Tulirudia na kurudia. Kila neno lake mwenyewe alilisikia. La mtoto hakusikia hata moja. Sauti nyembamba zilikuwa zimekwenda na lile bomu, na yeye, fundi, hakuhitaji daktari wa kumwambia.

Nilikaa upande wa sikio lake la kulia nikamwambia yote, kuku na sufuria. Alinisikiliza kwa adabu.

"Maneno nakumbuka," alisema. "Nilitaka sauti."

Mtambo ule ulitumia betri kuukuu ya gari, tuliyokuwa tukiipeleka mjini kuchajiwa. Mchana mmoja iliishiwa nguvu kaseti ikiwa inaendelea. Utepe ukaanza kujiburuta, sauti zote zikashuka. Nilikuwa jikoni aliponiita.

"Mama, kuja. Nasikia yeye."

Nilikuja. Niliyemsikia hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, mchovu, anayesimulia polepole habari za kuku. Mume wangu alikuwa ameshika mikono ya kiti, machozi yanamtiririka.

"Iko kama mutu mukubwa," alisema. "Sasa angekuwa mukubwa namna hii."

Ni kweli. Wenzake aliocheza nao walikuwa wameanza kunyonyesha.

Tangu hapo aliingojea betri idhoofike. Spika zilinguruma kwa sauti ile nzito, akataka kuzipima upya, akaniomba nikae kitini kama mwanzo. Nilikataa. Nilimweleza kwamba mtoto niliyemzaa alikuwa na sauti nyembamba, na nikimzoea huyu mwanamke, yule mdogo atanitoka.

"Wewe uko na yako," alisema. "Mimi niko na hii tu."

Akazipima peke yake. Kila alipokaa kusikiliza, mimi nilichukua ndoo nikaenda mtoni, hata kama maji yalikuwepo. Tulikuwa mtu na mkewe katika vyumba viwili, kila mmoja na binti yake, na hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipougua na kufariki.

Tulimzika Koboko, kwao. Ndugu zake waliniomba zile spika ili dua isikike mpaka nje, nikawapa zote nne. Walipotaka kuzirudisha niliwaambia wabaki nazo.