Presha Imeshuka

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi nilipoandika neno lile kwenye kadi ya fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Nilikuwa karani wa shamba, juu kidogo ya Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wafanyakazi wawili walikuwa wamekufa kazini kwa ugonjwa wa moyo, ndipo mwenye shamba akakubali kumlipa nesi aje kutupima presha kila mwezi, na kununua vidonge. Nesi alipima, mimi niliandika.

Fundi alikuwa na presha ya kupanda. Kwa miezi mitatu alimeza vidonge, akaacha chumvi, akaacha hata makande ya magadi.

"Vizuri, mzee," nesi alimwambia asubuhi ile. "Presha imeshuka."

Nikaandika hivyo hivyo. Nje, waliokuwa kwenye foleni wakamdaka.

"Vipi, mzee wa mboga chapwa?"

"Imeshuka."

"Basi umekwisha! Ya kushuka ndiyo mbaya. Inamzima mtu kama kibatari."

"Sasa nifanyeje?"

"Lamba chumvi, baba."

Wakacheka. Niliwasikia kupitia dirisha. Kwetu presha ni magonjwa mawili, ya kupanda na ya kushuka, na mwenye ya kushuka hushauriwa chumvi. Nilikuwa nimesoma kitabu cha afya mara mbili, nikipigia mistari; tofauti ya imeshuka na ya kushuka niliijua. Nikadhani ni utani. Sikunyanyuka.

Jioni fundi alileta kopo lake la vidonge stoo.

"Mpe mwenzangu mwenye ya kupanda, karani."

"Nesi kakwambia uache?"

"Si umeandika mwenyewe?"

Lori lilikuwa linapakiwa na mimi nilikuwa nahesabu magunia. Nikapokea kopo, nikasema tutazungumza kesho. Kesho yake lilikuja lori jingine, na baada ya hapo nikasahau.

Wiki ya tatu alianguka kando ya mashine, maji yakiendelea kutiririka kwenye mfereji. Mfukoni mwa shati tulikuta kadi, na ndani ya kadi kipande cha magadi ya Ziwa Eyasi, kimelambwa upande mmoja hadi kikawa laini.

Mkewe alikuja kuchukua nguo zake. Hakulia mbele yetu. Aliuliza tu, "Si mlisema imeshuka?"

Mwisho wa mwezi mwenye shamba aliagiza dawa zilizobaki zithaminiwe. Nilimwaga kopo la fundi mezani, nikahesabu, nikaandika kwenye safu ya akiba: shilingi thelathini na sita.